Malafyale wa Ukurasa wa Sita

Mzee Asajile wa Ipyana alikuwa na shida moja tu duniani, nayo ilikuwa jina lake. Si kwamba lilikuwa jina baya. Kwa Kinyakyusa Asajile maana yake ni "amebariki", na mama yake alimpa baada ya kuzika watoto wawili mfululizo kisha huyu akapona. Shida ilikuwa kwamba Ipyana nzima, na siku hizi hadi Ikolo na Kyela mjini, watu hawakulitamka jina hilo peke yake. Walilitamka na debe mbele yake.

Acha nimalize habari ya debe mapema, maana bila hilo debe hutaelewa kitu. Kabla watu hawajalazimishwa kutumia mizani, mpunga wa Kyela ulipimwa kwa debe, na kwa karibu miaka ishirini mnunuzi mkubwa pale Ipyana alikuwa Asajile. Debe lake lilikuwa la bati kama la watu wengine, ila la kwake lilikuwa limeshiba. Fundi mmoja wa mjini alilipiga kwa ndani na nyundo ya mpira, taratibu, siku tatu nzima, mpaka mbavu zikatoka nje kidogo na kitako kikashuka. Ukilitazama kwa mbali huoni kosa. Ukimimina mpunga ndipo unaona kwamba linaendelea kupokea wakati la jirani lingekuwa limeshafurika. Na juu yake Asajile aliongeza kichwa, ule mlima wa mpunga unaozidi ukingo, akiupapasa kwa kiganja huku akimuuliza mwenye mpunga habari za nyumbani. Wenyewe waliita kukatwa. "Leo amekukata ngapi?" waliulizana njiani wakirudi.

Watu hawakuwa wajinga. Walijua. Lakini mnunuzi alikuwa yeye, lori lilikuwa lake, na ada za shule zilikuwa zao. Basi wakafanya kile wanachoweza watu wasio na lori: wakatunga msemo. Mgeni akila sana msibani, "Ana tumbo la debe la Asajile." Wakwe wakizidisha ng'ombe wa mahari, "Hao wamekuja na debe la Asajile." Mtoto akinunuliwa sare ya kukulia mpaka darasa la saba, mikono imemfunika vidole, debe la Asajile.

Msemo uliishi kuliko kazi yenyewe. Mizani ilikuja, Asajile akaacha mpunga akageukia kakao, akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba vya kupangisha, akawa mzee wa kanisa. Debe lenyewe mkewe Elizabeth alilitia mkaa jikoni. Vijana waliozaliwa baada ya mizani walikuwa wakisema debe la Asajile bila hata kujua kwamba Asajile ni mtu, yupo, na anawapita barabarani kwa baiskeli.

Alijaribu kujisafisha, msidhani alikaa tu. Alitoa benchi kanisani, likaandikwa jina lake kwa rangi nyeupe. Watu wakaliita benchi la debe, wakasema linakaliwa na sita wakati mengine yanakaliwa na watano. Alinunulia timu ya vijana jezi zenye jina lake mgongoni. Timu ikaenda Ikolo ikafungwa saba. Mashabiki wa Ikolo walirudi kwao wakiimba kwamba magoli wameyapima kwa debe la Asajile, na hilo ndilo neno la mwisho lililosemwa kuhusu zile jezi.

Pengine angelivumilia mpaka kaburini kama si mchungaji mpya. Mchungaji huyu alitoka upande wa Makete, kijana mwenye bidii, aliyeapa kujifunza lugha ya waumini wake. Aliusikia msemo mara mbili tatu mlangoni pa kanisa. Akauliza Asajile maana yake nini, akaambiwa ukweli mtupu: amebariki. Hakuuliza zaidi. Aliondoka na hesabu yake kichwani, kwamba debe la Asajile ni debe lililobarikiwa, lile ambalo ukimimina halijai. Jumapili ya mavuno, kanisa limejaa hadi madirishani, mikungu ya ndizi na magunia yamepangwa mbele, akanyanyua mikono yote miwili.

"Mpendwa," akasema kwa sauti ya kutetemeka, "ukimtolea Mungu kwa moyo mkunjufu, na yeye atakupimia kwa debe la Asajile!"

Kisha mama mmoja wa kwaya, wa sauti ya pili, akakohoa. Mwenzake akainamia kitenge chake. Baada ya hapo mabega yakaanza kutikisika benchi kwa benchi, na mchungaji, akidhani Roho ameshuka, akarudia maneno yale yale na kuwaomba waseme amina. Walisema amina ambayo Ipyana haijawahi kuisema tangu Injili ifike. Asajile alikuwa benchi la mbele, kapu la sadaka mapajani, na ilimbidi asimame alipitishe.

Nyumbani Elizabeth alicheka mpaka akalazimika kukaa chini.

"Baba Lusungu," alisema akifuta machozi, "angalau leo limetajwa kwa wema."

"Wewe cheka. Nikifa wataandika nini juu ya kaburi? Wataandika debe."

Hapo hakuwa anatania. Alikuwa na miaka sitini na sita, na hilo ndilo lililokuwa likimkaa kooni: kwamba atakufa, na watu watakaobaki hawatakuwa na habari nyingine yake zaidi ya lile bati. Alitaka jina lake lirudi lilivyokuwa pale mama yake alipolitoa. Alikuwa tayari kulilipia, kwa kuwa maishani mwake hakuwahi kuona kitu ambacho hakilipiwi.

Sasa, katika chumba cha mbele cha nyumba yake alipanga Mwalimu Lucy, anayefundisha jiografia sekondari. Kila Jumamosi mchana Lucy alikuwa akikaa barazani na watu watatu, karatasi zimetapakaa mezani, dadu zinarushwa, mara kicheko, mara ukelele. Elizabeth alidhani ni kikundi cha maombi. Asajile alidhani ni kamari, na siku moja alitoka na daftari la wapangaji mkononi kwenda kuuliza.

"Si kamari, mzee," Lucy alisema. "Ni mchezo wa hadithi. Mimi ndiye msimulizi. Nawaambia wako wapi, labda mto umefurika, daraja limekatika. Kila mmoja ana mtu wake anayemchezea, na anasema mtu wake anafanya nini. Kama jambo lina wasiwasi, tunarusha dadu. Visa naviandika mwenyewe, vya huku kwetu, vya ziwa na milima. Nikimaliza navichapa pale stendi, vijitabu, na vingine nauza kwa simu. Wako watu Arusha wanacheza. Yuko mmoja Ujerumani."

"Kampuni gani inakuchapia?"

"Hakuna kampuni. Ndiyo maana natafuta wadhamini."

Asajile akarudi hatua moja nyuma. "Wadhamini? Nani kakamatwa?"

"Hajakamatwa mtu, mzee. Mdhamini wa kitabu. Anayechangia uchapaji." Akamwonyesha karatasi. Ukitoa elfu kumi, jina lako linaingia nyuma ya kitabu kwenye orodha ya shukrani. Elfu hamsini, kijito au mtumbwi ndani ya kisa unapewa jina lako. Laki tatu, unapata mhusika mzima: mtu ndani ya hadithi, mwenye jina lako, ambaye wachezaji watakutana naye.

Asajile aliisoma karatasi ile mara tatu. Mstari wa kijito aliuruka. "Huyu mhusika," akasema polepole, "anakuwa mtu wa namna gani?"

"Tunaelewana. Mvuvi, mganga, mwizi..."

"Malafyale."

Malafyale ni chifu, kwa wale wasiojua. Lucy akaandika.

"Malafyale mwenye haki. Andika hivyo hivyo, mwenye haki. Na awe anapima."

Kalamu ya Lucy ikasimama. Alikuwa amekaa Ipyana miaka minne, na msemo alikuwa ameusikia darasani kila siku ya Mungu. "Anapima nini, mzee?"

"Chochote. Mizigo ya watu. Anapima sawasawa, hakati mtu, na watu wote wanamshukuru."

Mnaweza kujiuliza kwa nini, katika kazi zote za chifu, alichagua hiyo. Angeweza kuua chui. Angeweza kuleta mvua. Nami nimejiuliza, na sina jibu zaidi ya kwamba ulimi huenda penye jino bovu.

"Mzee, nikuambie kitu kimoja," Lucy alisema. "Mimi naandika tu. Nitaandika mwenye haki. Lakini wachezaji wakishaingia, wanafanya wanavyotaka wao. Laki tatu inanunua jina, hainunui wachezaji."

"Wewe andika," Asajile alisema. "Watu wakisoma wataamini. Si kitabu?"

Kijitabu kilitoka baada ya miezi miwili. Kurasa ishirini na nne, jalada la kijani, na chini kabisa: Kwa udhamini wa Mzee Asajile wa Ipyana. Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mvua zimezidi, daraja limeondoka na maji, Matema kule ziwani kuna njaa. Wasafiri watatu wanabeba mpunga kutoka Ipyana kwenda kuwaokoa. Njiani kuna lango la Malafyale. Kila mzigo unapimwa pale, na mwenye kusema kweli hupewa mitumbwi ya kuvukia. Ukurasa wa sita ulianza hivi: "Malafyale wa hapa anaitwa Asajile. Ni mzee mwenye haki, na kipimo chake hakijawahi kumpunja mtu."

Asajile alinunua nakala kumi za ziada. Moja aliipeleka kwa mchungaji, ambaye aliupenda sana ukurasa wa sita na kusema sasa anaelewa msemo ulikotoka.

Siku ya kukicheza kwa mara ya kwanza, Asajile aliandaa baraza. Aliweka kitambaa cha mezani, maua ya plastiki, kreti ya soda, na kiti chenye mikono kwa ajili ya mgeni rasmi, aliyekuwa yeye. Alivaa suti aliyoivaa kwenye harusi ya Lusungu, binti yake. Alikuwa na hotuba ya kurasa mbili mfukoni, na aliisoma yote. Ilianza na "Ndugu wanamichezo," na ilichukua robo saa. Elizabeth alisikiliza akiwa mlangoni, upande wa jikoni, kitenge mdomoni.

Wachezaji walikuwa watatu. Godwin, mwenye duka la pembejeo. Prosper, Mkisi wa Matema, ambaye kila Jumamosi hushusha Kyela vyungu vya mama yake, kisha hupita hapa kupumzika. Wa tatu alikuwa Anyelwisye.

Huyu Anyelwisye ndiye yule wa sauti ya pili aliyekohoa kanisani. Mjane, mkulima wa mpunga, umri wa miaka hamsini na kitu. Mwaka jana alikuja kumuuzia Lucy mchele, akaona wenzake wanabishana namna ya kumkwepa kiboko, akaweka kapu chini akasema, "Mwacheni ale, ninyi piteni huku." Hakuondoka tena. Lucy alikiri kwamba hajaona mchezaji mwenye hila kama yeye. Na kwa miaka yote ishirini ya debe, mpunga wake ulipita mikononi mwa Asajile.

Walianza vizuri. Godwin alikuwa mwindaji, Prosper mpiga kasia. Lucy alipomuuliza Anyelwisye mtu wake ni nani, alisema, "Mwanamke wa Ipyana. Ana magunia mawili." Wakavuka tope, wakakwepa maporomoko, wakafika langoni. Lucy akafungua ukurasa wa sita, akakohoa kidogo, akasoma. Asajile alikaa wima kwenye kiti chake chenye mikono, macho juu ya paa, kama watu wanavyofanya wakisifiwa.

Lucy akamaliza. Prosper alijikuna shingo. Godwin alitazama soda yake.

"Tunazunguka," Anyelwisye alisema.

"Mnazunguka wapi?" Lucy aliuliza. "Huku ziwa, huku kinamasi. Kina mamba."

"Tunapita kwenye mamba."

Dadu zikarushwa. Mwindaji wa Godwin akapoteza viatu na upinde. Zikarushwa tena, mamba akamla mguu mmoja. Prosper akatumbukia na gunia, akaokolewa kwa nywele. Lucy, kwa huruma, akawaambia kwamba lango bado linaonekana pale juu, liko wazi, na Malafyale anawapungia mkono.

"Anatupungia?" Godwin alisema, damu ikimtoka ndani ya hadithi. "Basi tukimbie."

Asajile alivumilia mamba wa kwanza. Alivumilia na wa pili. Alipotokea wa tatu alisimama.

"Lakini ni mwenye haki!" alifoka. "Imeandikwa! Ukurasa wa sita!"

"Imeandikwa na nani, mzee?" Anyelwisye aliuliza kwa upole.

"Na Mwalimu!"

"Aliyelipwa na nani?"

Kutoka jikoni kulisikika kitu kikianguka. Asajile alikaa. Uso wake ulikuwa umebadilika, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana mzee hasa, koti la suti limempwaya mabegani. Alikuwa ameumia. Laki tatu, jalada la kijani, soda kreti nzima, na watu waliona afadhali waliwe na mamba.

Lucy alimwonea huruma, na huruma yake ndiyo iliyoharibu mambo, au kuyatengeneza, mtaamua wenyewe. "Mzee," alisema, "katika mchezo huu kuna njia. Mdhamini anaweza kumsemea mhusika wake. Njoo ukae hapa. Mimi sitasoma tena. Wewe ndiye Malafyale, sema mwenyewe." Akawageukia wengine. "Na ninyi mmebaki na miguu mitano kati ya watu watatu. Matema wanakufa njaa. Mnaingia au hamwingii?"

Prosper alimwomba Anyelwisye kwa macho. Kwao ndiko kulikokuwa na njaa. Anyelwisye alivuta kiti chake karibu na meza.

"Haya. Naingia mimi."

Asajile alileta kiti chake chenye mikono, akakumbuka kwamba hakijengi picha nzuri, akakiacha akachukua kigoda. Alikunjua mikono mezani. 

"Ugonile, Malafyale," Anyelwisye alisema. Ni salamu ya kawaida, kama kusema umeamkaje, lakini aliisema kwa sauti nyingine, ya chini, sauti ya mtu aliyesimama mbele ya mwenye lori.

"Ndaga, mama," Asajile aliitikia. "Karibu. Umeleta nini?"

"Mpunga. Magunia mawili. Nimeubeba na shemeji yangu, maana mume wangu tumemzika Jumanne. Nyumbani kuna wageni wa msiba hawajaondoka, na mtoto anatakiwa kuripoti shule Jumatatu."

Godwin alitaka kusema kwamba hiyo haimo kwenye kisa. Prosper alimgusa mguu.

Asajile alikuwa ameelewa. Mwaka aliukumbuka, na siku, na yule shemeji mwenye jicho moja aliyebaki nje na baiskeli. Lakini alielewa pia kwamba nafasi aliyoitafuta kwa benchi na kwa jezi sasa imekaa mbele yake mezani. Hapa hapakuwa na debe la bati. Palikuwa na mdomo wake tu. Alichotakiwa kufanya ni kusema kweli mbele ya mashahidi, na lango litafunguka, na watasimulia.

"Pima, Malafyale," Anyelwisye alisema.

Lucy alisogeza dadu pembeni. Hazikuhitajika.

"Debe kumi na mbili," Asajile alisema kwa sauti ya kujaa. Kisha, kwa sababu alitaka haki yake ionekane imetimia mpaka mwisho, akaongeza na kile kipimo kidogo cha mabaki yasiyojaza debe: "Na kisado kimoja."

"Rudia."

"Debe kumi na mbili na kisado. Kamili. Sijakukata hata punje."

Prosper alianza kupiga makofi. Alipiga mawili. La tatu halikufika, kwa sababu alikuwa amemtazama Anyelwisye usoni.

"Siku ile uliniambia kumi," Anyelwisye alisema.

Hakupandisha sauti. Aliweka mikono yake mezani karibu na ya Asajile, mikono ya mtu wa majaruba ya mpunga, kucha zimekatika.

"Miaka kumi na minane, mzee. Watu walikuwa wakikucheka, na mimi nacheka nao, sikatai, hata kanisani nilikohoa. Lakini nyumbani nilikuwa nasema, pengine hakujua. Pengine yule fundi alilitengeneza vibaya, na yeye anapima tu anavyoona. Mtu ni mzee wa kanisa. Nilikusemea kwa watoto wangu. Nilisema, hakuna mtu anayeweza kumkata mjane wa siku tano, akijua." Akamtazama machoni. "Kumbe ulijua. Na kisado ulikijua."

Asajile alirudisha mikono mapajani, kwenye suti ile.  Aibu ya kanisani ilikuwa ya kuchekwa, na mtu aliyechekwa anaweza kuwachukia wanaomcheka akapumua. Hii haikuwa na wa kumchukia. Alijua. Siku zote alijua: kila mzigo aliupima mara mbili, mara moja kwa debe kwa ajili ya mwenye mpunga, na mara moja kwa jicho kwa ajili yake mwenyewe, na ile ya jicho haikuwahi kukosea. Alikuwa akijivunia hilo. Huo ndio ulikuwa ufundi wake.

"Haya," Anyelwisye alisema. "Mimi nimesema kweli na wewe umesema kweli. Sheria ya langoni si ndiyo hiyo? Nifungulie. Kuna watu wana njaa."

"Limefunguka," Asajile alisema.

Wakapita. Walipewa mitumbwi, wakavuka, na kabla jua halijaingia nyuma ya migomba Matema walikuwa wakila wali. Godwin akapata mguu wa mti. Asajile alikaa kwenye kigoda mpaka mwisho, soda yake haijafunguliwa. Walipoaga, Anyelwisye alimshukuru Elizabeth kwa soda, ndaga fijo, akachukua kapu lake akaenda zake.

Mnaijua Ipyana. Kufikia Jumatano kulikuwa na msemo mpya. Mtu akikana jambo analolijua fika, "Acha hizo, unajua na kisado." Mzee alikuwa amelipa laki tatu kuua msemo mmoja, akazaliwa wa pili, na huu, tofauti na wa kwanza, aliutunga yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Hata Elizabeth hakucheka. Alimwekea chakula, akakaa naye, hakusema kitu, na kwa Elizabeth hiyo ni adhabu na ni huruma kwa pamoja.

Wiki ya tatu Lucy alibisha mlango wa sebuleni akiwa na karatasi moja. Vijitabu vya kwanza vilikuwa vimekwisha. Anataka kuchapa tena, na safari hii kuviuza kwa simu pia, viende Arusha na kule Ujerumani. Ila ukurasa wa sita ameubadilisha, kwa sababu katika mchezo huu kisa huandikwa upya kufuata kilichotokea mezani, na asingependa kuuchapa kabla mdhamini hajauona.

"Kama unataka nikutoe, nitakutoa," alisema. "Nitaweka jina jingine na pesa yako nitarudisha kidogo kidogo. Sitakuwa na kinyongo, mzee."

Asajile alitafuta miwani. Elizabeth alikuja akasimama nyuma ya kiti. Karatasi ilisema hivi:

"Malafyale wa hapa anaitwa Asajile. Kila mzigo uliowahi kupita langoni mwake anaukumbuka. Wachezaji wakimuuliza, atasema kweli, nao watajua kwamba ukweli huo alikuwa nao tangu siku ya kwanza. Mfano: mjane wa Ipyana, magunia mawili, debe kumi na mbili."

Alisoma mpaka mwisho, akarudi juu akasoma tena. Nje mtu alipita na baiskeli akamsalimia Elizabeth. Asajile aliomba kalamu. Lucy alimpa, akageuza uso, kwa sababu hakutaka kumtazama mzee wa watu akijifuta jina kwa mkono wake.

Kalamu ilikwaruza kidogo tu. Lucy alipopokea karatasi, jina lilikuwa pale pale. Yalikuwa yameongezwa maneno mawili mwishoni, kwa mwandiko wake, baada ya kumi na mbili.

"Na kisado, Mwalimu," Asajile alisema. "Usimkate."